Lwang'ni ya Kisumu ilienda wapi?

Msafiri_Nakuru: Wadau wa Kisumu habari zenu, nakuja huko wiki ijayo na familia, sijafika tangu nikiwa kampasi enzi zile tulikuwa tunateremka Lwang'ni kukula samaki tukiangalia Ziwa Victoria, sasa naambiwa hapo hakuna kitu. Kwani ilienda wapi? Na hoteli yenyewe ilikuwa ya nani?

JaKisumo: Karibu boss. Haikuwa hoteli moja, vilikuwa vibanda vya mabati vimefuatana kando ya maji, kila kimoja na mama zake jikoni na vijana wa kukimbilia magari, hujazima injini ashashika mlango, "kastoma kuja huku, ngege freshi!" (ngege ndiyo tilapia). Unachagua samaki mwenyewe, bei kulingana na saizi, anakaangwa halafu anarudishwa kwa mchuzi wa nyanya na vitunguu, unaletewa maji ya kunawa, hakuna mambo ya uma. Shida ilikuwa ardhi, ni ya reli. Reli ilifika hapa 1901 pakiitwa Port Florence na mji ukakua kuizunguka. Serikali ilipoamua kufufua bandari, 2019 vibanda vikabomolewa. Desemba hiyo hiyo MV Uhuru, meli ya tangu 1966, ikarudi kubeba mafuta kupeleka Uganda.

Omena_Kavu: Watu husifu mandhari lakini tusidanganyane, kuna miezi ulikuwa unaangalia magugumaji tu, upepo ukiyasukuma Ghuba ya Winam ungedhani umekaa kando ya shamba la sukuma. Watu walifuata samaki. Na hata huyo siku hizi uliza ametoka wapi, wengine ni wa kufugwa kwa vizimba, wengine wa friza kutoka China, na bei ni ile ile ya ziwa 😂

Nyar_Dunga: Omena punguza uchungu. @Msafiri teremka ufuo wa Dunga, unapita hifadhi ya wanyama ya Impala unaendelea mbele, nenda jioni jua likizama. Kuna watu walidhani ziwa limetumaliza 2020, maji yalipanda mpaka rekodi ya 1964 ikavunjwa, ufuo ukaingia maji, lakini samaki bado wanakaangwa.

Msafiri_Nakuru: Asanteni sana. Sasa watoto wanaogopa miiba, niwaagizie mbuta (sangara) ama ngege?

Nyar_Dunga: Mbuta, sema wakukatie minofu. Ngege kula wewe, na usiache kichwa.

Omena_Kavu: Na elewaneni bei kabla samaki hajaingia kwa mafuta.