Jigi za kutengenezea mizinga ya nyuki kwa vifaa vya mkono, nianze na zipi?

Isevya_Mbao
Wakuu habari za saivi, na kwa wa nyumbani mwangaluka. Mi ni seremala, nna kibanda changu nyuma ya nyumba hapa Isevya, Tabora mjini, kazi zangu ni vitanda, makabati ya vyombo na fremu za madirisha. Sasa nimepata oda ya mizinga ya kisasa, ile ya sanduku lenye mbavu zilizolala ambayo juu unapanga vijiti na nyuki wananing'iniza masega chini ya hivyo vijiti. Mizinga 20 kwa kuanzia. Mteja ni kikundi cha wafugaji na sharti lao kubwa ni moja, kijiti cha mzinga wowote kiingie kwenye mzinga mwingine wowote bila kulazimisha.

Kitanda nakipima kimoja kimoja na kinakaa vizuri tu, lakini hapa nikipiga hesabu vijiti 28 kila mzinga inakuja vijiti 560, huwezi kushika futi na penseli mara 560 halafu utegemee vyote vitoke sawa. Kwaiyo nataka nitengeneze jigi, yaani vile vibao vya kuongozea msumeno na randa ili kipimo kikae kwenye kibao. Vifaa nilivyonavyo: msumeno wa mkono wa meno makubwa na wa meno madogo, randa ya chuma, patasi, drili, skwea (ile ya kupimia pembe mraba) na klampu chache. Mashine ya kupasulia sina, kuna jirani anayo nampelekea mbao ananipasulia kwa kulipia. Mbao ni paina, moja kwa nane na moja kwa kumi.

Naomba kujua nianze na jigi zipi, nitumie mbao gani kuzitengeneza, na ntajuaje kama jigi yenyewe iko sawa kabla sijaanza kukata mbao za watu?

Asali_Sikonge
Kaka karibu upande wetu. Mi si fundi, ni mfugaji huku Sikonge, ila ngoja nikuambie kwanini wamekubana hivyo ili ujue pa kukazia na pa kulegeza.

Upana wa kijiti ndo kila kitu. Hawa nyuki wetu masega yao yanapishana kama milimita 32, kuanzia katikati ya sega moja mpaka katikati ya linalofuata, kwaiyo kijiti kinatakiwa kiwe na upana wa mm 32. Nyuki wa Ulaya ni wakubwa kidogo, wenzetu huko wanatumia 35, sasa ukiangalia video za nje usichukue kipimo chao utajikuta umetengeneza mizinga ya nyuki ambao huku hawapo. Na kosa dogo linajilimbikiza kaka, nusu milimita kila kijiti ukizidisha mara 28 ni milimita 14, hapo nyuki wako karibu nusu sega nje ya mstari. Wao hawasubiri kijiti chako, wanajenga kwa kipimo chao, wanaanza sega kwenye kijiti kimoja na kulimalizia kwenye kingine, ukija kuvuna ukivuta kimoja unararua masega mawili, asali inamwagika, nyuki wanakasirika, vifaranga vinakufa.

Urefu tunatumia sentimita 48, hapo ukipungua milimita moja hatugombani ili mradi kijiti kikae juu ya kingo zote mbili. Lakini pembeni vijiti lazima vigusane bila uwazi maana vikishapangwa ndo vinakua dari la mzinga. Kingine mstari wa nta ya kuwaanzishia uwe katikati kabisa ya kijiti, wengi wanautupia macho tu na ndo unaowaongoza nyuki.

Seremala_Ujiji
Kijana umeuliza vizuri na huyo binti amekupa kitu cha maana sana, ameshakuambia nguvu zako zote ziende kwenye 32. Mi niko Ujiji, nimekulia kwenye kazi za boti na samani, na huku mbavu za boti hatuzipimi moja moja, unakata kibao mama unachorea zote.

Anza na jigi tatu basi, usijaze kibanda.

Ya kwanza ya kukatia urefu. Chukua plaiwudi ya mm 18, urefu kama sm 70 upana sm 25. Chini mbele piga kipande cha mbao kinachokaba ukingo wa benchi ili jigi isisogee unaposukuma, juu nyuma piga mbao iliyonyooka sana iwe mgongo wa kuegemezea kijiti. Kata ufa mmoja wa msumeno kwenye huo mgongo kwa skwea, ndo njia ya msumeno wako siku zote. Halafu weka stopa, kipande kinachozuia ncha ya kijiti, sm 48 kutoka kwenye ufa. Pima kuanzia ukuta wa ufa ulioko upande wa kijiti, ukianzia katikati ya ufa vijiti vyote vitapungua nusu ya unene wa msumeno. Stopa ifunge kwa skrubu sio misumari ili uweze kuisogeza. Na kona ya chini ya stopa, pale inapokutana na plaiwudi, ikate mshazari kidogo. Unga wa mbao unajikusanya hapo hapo, kama hauna pa kuingia unakaa kati ya kijiti na stopa, vijiti vinaanza kufupika polepole na wewe hujui, unaendelea kukata tu. Ukiikata ile kona unga unaingia humo na kijiti kinagusa stopa yenyewe.

Ya pili ndo ya 32, hii iwekee muda. Jirani akupasulie vijiti kwa mm 34, zile mbili za juu ni za randa. Chukua ubao ulionyooka, piga juu yake reli mbili za mninga zenye kimo cha mm 32 kamili. Nafasi kati ya reli na reli iwe kubwa kidogo kuliko upana wa kisu cha randa lakini pungufu kuliko tumbo la randa. Umeelewa hapo? Kijiti unakisimamisha katikati kwa ubavu, kisu kinakula kijiti, mabega ya tumbo la randa yanapita juu ya reli. Kijiti kikifika 32 randa inakalia reli na kisu hakipati tena cha kula, hata ukisukuma inateleza tu. Ukisikia sauti imebadilika na maranda hayatoki tena basi kijiti kimeisha toa weka kingine. Mbele weka kizuizi kifupi chenye kimo cha mm 20 hivi ili kijiti kisikimbie na kizuizi chenyewe kisigongane na kisu, na nje ya kila reli piga ukingo unaopanda juu kidogo ya reli, randa isiyumbe kwenda pembeni maana ikiyumba kisu kinapanda juu ya reli na hapo umeharibu jigi.

Reli usifanye za paina, randa itazisaga. Tafuta mabaki ya mninga, huko Tabora hayakosekani kwenye vibanda vya vitanda, mninga ukishakauka hautembei ovyo. Juu ya reli sugua nta ya nyuki, randa inateleza vizuri.

Ya tatu ni kibao mama cha ncha za mzinga, zile mbao mbili za mwisho zenye umbo la pande nne juu pana chini nyembamba. Chora kimoja kwa utulivu, kata, sawazisha, halafu ncha zote 40 chorea hicho. Usichoree ncha mpya kwa ncha uliyotoka kukata, kosa la penseli linarithishwa.

Isevya_Mbao
Shikamoo mzee, asante sana, na dada wa Sikonge asante. Hiyo ya reli sikuwahi kuiwaza kabisa. Maswali mawili mzee. Skwea yangu ni ya siku nyingi, nikikatia ule ufa wa msumeno kwa skwea iliyopinda si nitakua nimepinda vijiti vyote? Na ule mstari wa nta katikati naupataje haraka?

Seremala_Ujiji
Marahaba. Skwea ipime hivi, chukua plaiwudi yenye ukingo uliorandwa ukanyooka, egemeza skwea chora mstari kwa penseli iliyochongwa vizuri. Igeuze skwea itazame upande wa pili, ilete mpaka iguse mstari ule ule chini, chora tena. Mistari ikilaliana skwea ni nzima. Ikiachana kule juu basi mwachano ule ni kosa mara mbili, yaani skwea imekosea nusu yake. Usiitupe, unajua imepinda upande gani na kiasi gani, lakini kwa jigi azima nzima.

Mstari wa katikati tengeneza kipande kidogo cha mninga chenye bega, piga msumari mdogo mwembamba ncha ijitokeze kidogo, umbali wa mm 16 kutoka kwenye bega. Bega liburuze kwenye ubavu wa kijiti, msumari unachora. Halafu chora tena kutokea ubavu wa pili, mistari ikiwa mmoja basi ndo katikati, ikiwa miwili sogeza msumari mpaka iwe mmoja. Na kwa vijiti vinavyofuata, bila kusogeza tena msumari, unajua hapo hapo kama kijiti kiko 32 kweli maana kikipungua au kuzidi mistari haikutani. Ukishapata pitisha msumeno wa meno madogo kina cha milimita 3, inatosha kukaa ukanda wa nta.

Mpasuaji_Urambo
Mzee kamaliza karibu kila kitu, mi niko upande wa mashine kwaiyo niongeze ya jirani yako, maana hapo kwenye mashine ndo kazi inapoharibikia.

Kwanza unyevu. Paina nyingi inayokuja huku inafika haijakauka vizuri, ukipasua na kuranda leo ikawa 32, ikikaa kiangazi hiki cha Juni mpaka Septemba inasinyaa upana, urefu hausogei kiasi cha kukusumbua ila upana utasogea. Mpe jirani apasue kwa 34 au hata 35 kama mbao ni nzito mkononi, kisha panga vijiti kivulini kwa kuweka vipande vya kutenganisha upepo upite katikati, viache vikauke ndo urande. Usirande mbao mbichi hata kama mteja anapiga simu.

Pili usalama. Kuna watu wanamwambia mwenye mashine atumie fensi yenyewe, ule ukuta wa mashine unaoongoza mbao, kama stopa ili akate urefu haraka haraka, kijiti kinabanwa kati ya kisu na fensi mpaka mwisho. Hicho kitu kinarusha mbao, na inakuja usawa wa tumbo. Kama mtakata urefu kwa mashine kile kipande cha stopa kifungwe kwenye fensi nyuma, kabla ya kisu, kijiti kiguse stopa kupata kipimo halafu kinaachana nayo ndo kinafika kwenye kisu, kipande kilichokatwa kinabaki na nafasi ya kupumua. Na kupasua vijiti vyembamba vile msukumie kwa kijiti cha kusukumia, mkono ukae mbali.

Ila napingana na mzee kidogo hapo kwenye plaiwudi. Zile za bei ya chini zinapinda zikipata unyevu wa masika, jigi ya Machi sio jigi ya Agosti. Kama mfuko unaruhusu tumia marine bodi, ile plaiwudi inayovumilia maji, au paka vanishi pande zote mbili na kingo, sio upande mmoja, ukipaka upande mmoja ndo unaipindisha mwenyewe.

Seremala_Ujiji
Hapo nakubali, kingo ndo zinakunywa maji. Nimeisahau na ya kuungia, kijana. Mzinga uungie ukiwa umepinduliwa, yaani juu kukiwa chini, juu ya ubao mpana ulionyooka. Hapo kingo zote za juu zinalala kwenye ubao mmoja na zinakua usawa zenyewe, vijiti havitacheza. Kwenye huo ubao piga vipande vya kushika ncha mbili zisikimbie, na pima pembe kwa pembe, mshazari huu na ule zilingane. Pale gundi inapochuruzika kwenye kona sugua nta kwenye jigi isishike.

Isevya_Mbao
Nimeandika yote. Mninga wa reli ninao, kuna mabaki ya vitanda hapa. Naanza na ile ya 32 kama dada alivyosema halafu ya urefu. Jigi ikichakaa ntajuaje?

Seremala_Ujiji
Tengeneza kijiti kimoja kwa utulivu mkubwa, kipimwe na kikaguliwe, kiandike MAMA pande zote, kitundike ukutani, hakiendi kwenye mzinga wowote. Kila asubuhi kabla ya kazi kiingize kwenye reli upitishe rula ya chuma juu. Mwanga ukipita kati ya rula na kijiti reli inapanda, rula ikikalia kijiti bila kugusa reli basi reli imelika, badilisha.

Asali_Sikonge
Kaka mi nina mizinga inayofanya kazi huku, vijiti vyake ni 32 vimeshapita misimu. Ukimaliza miwili ya kwanza kabla hujapasua mbao za inayofuata, nipe vijiti kumi vya kila mzinga nijaribu kwenye yangu na vyangu nijaribu kwenye yako. Ndani usipake rangi wala vanishi, nje tu.

Isevya_Mbao
Sawa dada, nikimaliza miwili nakutumia na basi la Sikonge.