Pikipiki Boxer 150 ya 2017 niiuze bei gani?

Wakuu, naomba ushauri. Boxer yangu haijawahi kubeba abiria, naendea shamba tu. Injini haijafunguliwa, ila shokapu za mbele zinavuja. Dalali anataka kunipa laki nane. Naona ananionea.

— Usikubali. Pita vijiweni, uliza zinazofanana na yako zimeuzwa ngapi, siyo zinatangazwa ngapi. Badilisha sili za shokapu kwanza. Mnunuzi akiona mafuta yale atakata bei kuliko hela ya fundi.

— Kadi ya pikipiki ina jina lako? Kama ndiyo, anzia milioni moja na nusu. Muwashie mnunuzi asubuhi injini ikiwa ya baridi, asikie mwenyewe. Na mhamishe umiliki TRA (mamlaka ya mapato), la sivyo faini zake zitakufuata wewe.

— Kadi ni yangu. Sili nabadilisha kesho. Asanteni sana.