Riwaya ya mnyonya damu, Moshi ya Mjerumani na Moshi ya leo: nyuzi mbili hazishikani

mpalilia_migomba:
Wakuu, habari za jioni. Nina mswada wa riwaya ya kutisha, maneno 84,000, sura 36. Sura moja ni ya 1908, inayofuata ya 2019, hivyo hivyo hadi mwisho. Mnyonya damu anatoka Ulaya ndani ya sanduku lenye udongo wa kaburi lake, linapakiwa treni Tanga na kushushwa stesheni ya Moshi usiku. Mwaka 2019 msichana aliyerithi kihamba (shamba la ukoo) cha bibi yake anakuta mbuzi wamekufa bila tone la damu. Wasomaji wangu watatu wa majaribio wanaruka sura za zamani, na wote walishamjua mnyonya damu kufikia sura ya 9. Nirekebishe wapi bila kuandika upya kitabu kizima?

karani_wa_boma:
Dada, anza na treni. Mwaka 1908 hakuna treni Moshi. Reli ya kutoka Tanga ilifika Mombo 1905, Moshi ikafika 1911. Hata mji wenyewe haukuwa pale ulipo leo: boma la Mjerumani lilikuwa Old Moshi, juu mlimani, na mji wa chini ulikua pamoja na stesheni.

Unaweza kusogeza mwaka hadi 1911 ukamaliza kazi kwa siku moja. Mimi nisingesogeza. Baki 1908, sanduku liishie Mombo na kutoka hapo libebwe na wapagazi, zaidi ya kilomita 200. Mzigo wa mpagazi mmoja ulikuwa kama kilo 25 hadi 30. Sanduku la urefu wa mtu likijazwa udongo hadi nusu linapita kilo 200, kwa hiyo mnyapara yeyote mwenye akili angelifungua na kuugawa udongo: mizigo minane, na sanduku tupu kwenye miti miwili. Hapo ndipo kitabu chako kilipojificha. Mizigo minane ilitoka Mombo, saba ikafika. Wa nane uko wapi? Uko kwenye kihamba cha bibi, chini ya isale, ule mmea wa heshima wa Wachagga, na migomba ya pale haijawahi kuzaa. Sasa msomaji ana sababu ya kurudi 1908 kila mara, maana kuna kitu anakitafuta huko.

Mengine kwa haraka. Wapagazi walipwe rupia, na tangu 1904 rupia moja ni heller 100. Shilingi ni za Mwingereza. Usiweke maakida (watawala wadogo wa Mjerumani) mlimani, huko utawala ulipitia kwa wamangi, yaani machifu wa Kichagga.

La mwisho ni zito. Mangi Meli alinyongwa Old Moshi tarehe 2 Machi 1900. Mwaka 1908 ni miaka minane tu imepita, kila mtu mzima pale anakumbuka. Watu ambao inaaminika kichwa cha mangi wao kilichukuliwa kikapelekwa Ujerumani wanaona sasa Wajerumani wanaleta maiti yao mlimani. Wasiposema neno juu ya hilo, wahusika wako si watu wa Old Moshi. Ila kichwa chenyewe usikifanye kifaa cha uchawi. Ukoo bado unakidai.

mhariri_kiboriloni:
Naunga mkono mzigo wa nane. Sasa muundo.

Kupokezana moja kwa moja sura 36 ndiko kunakochosha. Uzi wa sasa ndio wenye hatari, uupe sura 24. Uzi wa zamani upate 12, fupi, maneno 1,200 hadi 1,500, na usiingie kabla ya sura ya 4, msomaji akiwa ameshampenda yule msichana. Kanuni ninayoisimamia: sura ya zamani isijibu swali ambalo sura ya sasa haijaliuliza. Chukua kalamu, mwishoni mwa kila sura ya 1908 andika pembeni swali linalojibiwa. Kama swali hilo linatokea mbele zaidi, sura imekaa mapema mno. Nina hakika sura ya 9 ndiyo kosa.

Tatizo la pili: kiumbe asiyekufa anaua taharuki, maana akionekana 2019 tunajua kwamba 1908 alinusurika. Basi ficha *yupi* aliyenusurika. Waje wageni watatu na msafara ule: mpima ardhi, mlowezi wa kahawa, daktari wa mifugo. Kila mmoja awe na dalili mbili za kweli na moja ya uongo. Na futa kila tukio tunaloliona kwa macho ya mnyonya damu mwenyewe.

Lugha nayo itofautishe nyuzi. Uzi wa zamani ubebwe na -li- na -ka-: alifika, akatua mzigo, akakaa. Uzi wa sasa uandike kwa -na- na -me-, usiweke -ka- ya masimulizi hata moja. Msomaji atajua yuko mwaka gani kabla ya kuona tarehe.

Halafu mbuzi. Mbuzi wa kilo 30 ana damu kama lita mbili, mtu mzima kama tano. Ukiua mbuzi watano usiku mmoja, huyo amekunywa lita kumi. Mmoja kila siku ya tatu unatisha zaidi, kwa sababu majirani wataanza kuhesabu.

mpalilia_migomba:
Mzigo wa nane umenikosesha usingizi, asanteni sana. Sura ya 9 ni kweli, pale daktari Mjerumani anasema kiumbe atolewe juani afe. Na watu wa 1908 wamwiteje?

karani_wa_boma:
Huyo daktari kakosea miaka. Dracula wa riwaya ya 1897 anatembea mchana, anapungukiwa nguvu tu. Kufa kwa jua kulikuja na filamu ya Nosferatu, 1922. Na ukishika kanuni ya jua, kumbuka uko karibu na ikweta: usiku wa Moshi ni kama saa 12 mwaka mzima, tofauti haifiki nusu saa, na magharibi huingia giza upesi. Hana majira ya baridi yenye usiku mrefu wa kumkinga. Anachokipata ni mawingu ya Juni hadi Agosti, mlima ukifunikwa siku nzima.

Jina ni mumiani. Ni neno la pwani, kwa hiyo wa kwanza kulitamka awe mpagazi wa Tanga. Ila mumiani wa hofu zetu ni mtu hai anayevizia watu ili damu yao itengenezwe dawa. Maiti yenye meno ni habari nyingine. Waache wapagazi wamshuku daktari kwa sababu ya chupa na sindano zake, kumbe wanamwangalia mtu asiye. Wazimamoto waliosemekana kunyonya watu damu usiwataje kabisa, hizo ni tetesi za Nairobi na Kampala za wakati wa Mwingereza.

mhariri_kiboriloni:
Basi dalili ya uongo ya daktari umeshaipata. Na 2019 anzia Desemba, treni ya abiria iliporudi Moshi baada ya miaka mingi. Mtu ashuke stesheni akiwa na begi moja tu, aulize njia ya kwenda kihamba kile kwa jina la zamani ambalo hata bibi alikuwa ameliacha.