Pampu ya ukubwa gani kwa mfumo wa zamani wa kupasha nyumba joto?

Mkazi wa Leipzig:
Ndugu mafundi, naishi Leipzig, Ujerumani, katika nyumba ya zamani ambayo rejeta zake nzito za chuma (vyombo vya vyumbani vinavyopitisha maji ya moto ili kutoa joto) hapo awali hazikuwa na pampu: maji ya moto yalipanda yenyewe kwa wepesi wake, na yaliyopoa yakarudi chini kwa uzito wake, kupitia mabomba ya inchi 2. Baadaye iliongezwa pampu, ambayo sasa imekwama. Boila (mtambo wa gesi unaopasha maji hayo) imeandikwa kW 35, na gesi ya kupasha nyumba pekee ni takriban kWh 36,000 kwa mwaka. Muuzaji ananishauri ninunue pampu ya mita 8, yaani yenye nguvu ya kuinua maji hadi kimo hicho, kwa hoja kwamba rejeta ya juu kabisa iko mita 8 juu ya boila. Je, yuko sahihi?

Fundi Mabomba:
Hapana. Katika mzunguko uliofungwa, uzito wa maji yanayoshuka husawazisha uzito wa yale yanayopanda, hivyo pampu hushindana na msuguano tu. Kimo cha nyumba kinahusu shinikizo la kujazia maji: mita 8 zinadai baa 0.8 (baa ni kipimo cha shinikizo), na nyongeza kidogo ili hewa isiingie juu.

Wala usipime kwa kW 35 za boila, kwani maboila ya zamani yalifungwa makubwa kupita haja. Kwa hali ya hewa ya huko, gawanya matumizi yako ya gesi kwa saa 2,000 (makadirio ya saa za kupasha kwa nguvu zote kwa mwaka), upate kW 18. Makadirio haya yanatosha kwa kazi hii. Zidisha kwa 0.86 (namba ya kugeuza kW kuwa mtiririko wa maji), kisha ugawanye kwa tofauti ya joto kati ya maji yanayotoka na yanayorudi. Yakitoka na nyuzi 65 na kurudi na 50, unahitaji takriban mita 1 ya ujazo kwa saa. Kiasi hicho ndani ya bomba la inchi 2 hutembea polepole mno, chini ya sentimita 15 kwa sekunde, na msuguano wake karibu haupo. Ukinzani uliobaki uko kwenye boila na vali. Pampu ndogo ya mita 4 yenye kujirekebisha kasi, ikiwekwa kwenye mita 1 hadi 1.5, itatosha kabisa. Hiyo ya mita 8 itakupigia miluzi kwenye vali usiku kucha.

Mzee wa Boila:
Nakubaliana na hesabu, ila kabla ya kununua chochote, chunguza vali za rejeta za juu. Kwa kuwa maji ya moto yalikimbilia juu, mafundi wa zamani mara nyingine waliweka humo kisahani chenye tundu dogo cha kuyapunguza. Pampu ikishawekwa, maji hupita njia nyepesi ya chini na vyumba vya juu hubaki baridi, na mwenye nyumba hudhani pampu ni dhaifu.

Mkazi wa Leipzig:
Kumbe ndiyo maana chumba cha juu hakijawahi kupata joto sawasawa. Je, nitoe visahani hivyo kwanza?

Mzee wa Boila:
Ndiyo, ukivikuta, kisha usawazishe kwa kubana kidogo vali za rejeta za vyumba vya chini. Funga pia kichujio chenye sumaku kwenye bomba la kurudia, kwa sababu matope meusi ya kutu hunaswa na sumaku iliyo ndani ya pampu hizi za kisasa na kuzikwamisha.