Naomba ushauri: Kilwa yangu inafilisika kwa makoloni

Assalamu alaykum ndugu zangu wanachama. Niko Wete, Pemba, na kwa miezi miwili sasa nacheza Europa Universalis IV, mchezo wa kompyuta wa kuendesha dola za kale, kwa upande wa Kilwa, kwa sababu mwaka 1444, mchezo unapoanza, Unguja imo ndani ya dola hiyo, na moyo wangu haukukubali kuanza kwingine.

Tatizo langu ni hili. Nina walowezi wawili tu (yaani mawakala wa kukuza makoloni, mmoja kwa koloni moja), lakini nimefungua makoloni matatu kuelekea kusini, na gharama ya matunzo imepanda mno. Koloni la mwisho lina watu 340, na halitakuwa mji kamili mpaka wafike 1,000. Kila mwezi hazina inapungua, nami nimeshakopa mara mbili.

La pili, ambalo ndilo linaloniuma zaidi, ni biashara. Mali ya kituo cha biashara cha Zanzibar inavutwa kwenda Rasi ya Tumaini Jema, na kwa kuwa njia za biashara katika mchezo huu haziwezi kugeuzwa, ikishapita hairudi. Wareno wameshafika huko. (Kilwa yenyewe waliiteka mwaka 1505, kwa hiyo nawaogopa hata kwenye kioo.)

Je, niliache koloni la tatu, fedha zake nizitie katika merikebu nyepesi za kulinda biashara ya nyumbani? Au nivumilie hadi niishike Rasi nikusanye mapato huko, ingawa mfanyabiashara anayekusanya mapato nje ya kituo cha bandari kuu ya dola hupunguziwa nguvu? Aliyewahi kuicheza Kilwa naomba anieleze alianza na lipi.