Kikundi cha simu cha ukoo, Kibokoni, Mombasa: Ijumaa baada ya Isha

JUMANNE

Kitinda: Assalam alaykum jamaa zangu nyote. Nna habari njema. Ijumaa hii na Jumamosi kuna usiku wa taarabu na mashairi pale kwenye ua wa ile nyumba ya zamani, kichochoro cha nyuma ya msikiti. Ijumaa ni udi, fidla na ngoma ya dumbak, na baina ya nyimbo kutaghaniwa mashairi. Wataoghani ni wanne, mmoja wao ni mimi. Jumamosi ni kundi la kayamba kutoka Rabai, halafu vijana wa mashairi ya jukwaani. Twaanza baada ya Isha siku zote mbili. Kiingilio shilingi 300, wazee na watoto bure.

Kaka wa Tuktuk: Waalaykum salaam. Mmoja wao ni wewe?? Na jana nimekubeba mpaka Mwembe Tayari hukunambia neno

Kitinda: Nlikuwa naogopa kusema kabla hawajanikubali.

Shangazi: Waalaykum salaam warahmatullah. Mashallah mwanangu. Mamako ajua?

Kitinda: Ajua Shangazi. Ndiye anonishonea dera.

Khalti wa Likoni: Pale napajua, tuliwahi kumpambia bibi harusi. Ua wenyewe wa kutandika mikeka sita. Watu watakaa wapi?

Kitinda: Mikeka mbele, viti 40 nyuma, basi. Ndiyo raha yake Khalti. Ijumaa hakuna spika hata moja.

Ami: Hata ya mwimbaji?

Kitinda: Hata yake Ami. Juzi twalikwenda kujaribu. Zile kuta za mawe ya matumbawe zarudisha sauti vizuri mno. Nlikaa mkeka wa mwisho, mlangoni kabisa, na nikawa nasikia uzi wa udi unavyolia hata baada ya mkono kuondoka. Na mpiga fidla akivuta pumzi kabla ya kuanza, pia nasikia.

Kaka wa Tuktuk: Tena stima ikipotea mambo yaendelea tu

Shangazi: Alhamdulillahi kwa hilo la spika. Mwakumbuka harusi ya mwaka jana, kwenye ule ukumbi mkubwa? Spika mbili kubwa kama kabati za nguo, nami nimeketishwa mbele ya moja. Mwimbaji namuona mdomo wafunguka na kufumba, neno siambulii. Nikatoka nikaenda kumtunza noti kwa wimbo ambao mpaka leo sijui ulisema nini. Hwenda nilitunza fumbo la kunisema mwenyewe. Taarabu ni maneno jamani. Ukiyazika maneno chini ya makelele umebakisha nini?

Khalti wa Likoni: Umesema kweli wifi yangu

Ami: Mpiga udi nani?

Kitinda: Yule mzee wa Kuze, fundi wa saa.

Ami: Huyo! Basi mmepata mtu. Udi wake ni wa nyuzi 11, jozi tano na besi moja pekee, na huutia uzi mwenyewe, hampi mtu. Ijumaa nitakuja. Jumamosi hapana.

Kitinda: Kwa nini Ami?

Ami: Hayo mashairi ya jukwaani ndiyo yapi? Nliyaona kwenye simu. Kijana asimama, arusha mikono, apiga makelele kama auza samaki, vina hakuna, mizani hakuna. Shairi lina sheria zake mwanangu. Mishororo minne, kila mshororo vipande viwili, kila kipande mizani nane, yaani silabi nane, kina cha kati na kina cha mwisho. Huu mji ndio mji wa Muyaka, yule malenga wa zamani. Siwezi kukaa mkekani hapa Mvita nikasikiliza maneno yaliyomwagwa tu.

Kaka wa Tuktuk: Uuu 🔥 Kitinda jibu

Kitinda: Nitajibu kwa heshima Ami. Wale vijana nawajua, wengine ni wa Majengo, wengine wa Kisauni. Yupo mmoja akisema habari za nduguye aliyepotea na dawa za kulevya, ua mzima wanyamaza. Hana vina, ni kweli. Lakini asema Kiswahili chetu hiki, na asema mbele za watu, kwa mdomo wake, bila karatasi. Hilo nalo si letu? Na marehemu Juma Bhalo, mwimbaji wetu wa taarabu, Mungu amrehemu, si alichukua mahadhi ya sinema za Kihindi akayavisha maneno ya Kimvita? Leo nani asema Bhalo si wetu?

Ami: Mahadhi alikopa. Maneno hakukopa. Mengi ni mashairi ya Ahmad Nassir, na hayo mizani yake ukiyapima kwa kipimo cha dhahabu hayapungui.

Mwalimu: Naomba niingie, nlikuwa nasahihisha mitihani. Nyote wawili mwashika ncha mbili za kamba moja. Muyaka bin Haji alifariki 1840. Kitabu chake kilitoka lini? 1940. Miaka 100! Hapo kati mashairi yalikuwa yakikaa wapi? Vichwani mwa watu wa mji huu. Akaja mtu aitwaye Mwalimu Sikujua, karibu na mwisho wa karne ile, ndiye aliyekuwa akiyakumbuka na kuyafasiri, na yule Mwingereza W. E. Taylor akayakusanya. Sikujua angalikufa mapema leo tusingekuwa na Muyaka, tungekuwa na jina tu. Kwa hiyo Kitinda asema kweli, shairi ni la mdomoni na la sikioni kabla ya kuwa la karatasi. Na ninyi shemeji mwasema kweli pia, kwa sababu kilichoyafanya yakae kichwani miaka yote hiyo ni vina na mizani. Neno likianguka mtu ajua limeanguka, maana pengo lasikika. Maneno yasiyo na kipimo yakianguka hakuna ajuaye.

Mwalimu: Na mshairi Abdilatif Abdalla alipofungwa jela, 1969 mpaka 1972, aliandika kwenye karatasi za chooni, kwa siri, na vina na mizani hakuviacha. Kitinda hilo nalo lifikirie.

Kitinda: Nalifikiria Mwalimu, tangu ulipotufundisha. Ndiyo maana langu mimi nimelitunga kwa kipimo.

Ami: Lilete tulione.

JUMATANO

Kitinda: Ubeti wa kwanza huu hapa. Ni habari za mama muuza maembe, angoja feri asubuhi.

Nimesimama ferini, tangu jua kutoka
Kikapu kiko kichwani, maembe yalainika
Najua kule sokoni, wateja wamiminika
Mwili u huku Likoni, moyo umeshavuka

Khalti wa Likoni: Subhanallah. Huyu ni mimi! Ni mimi kila asubuhi, ila mimi sibebi maembe

Shangazi: "Maembe yalainika." Hapo umenishika mwanangu. Naliona joto lenyewe.

Kaka wa Tuktuk: Kali sana

Ami: Zuri. Lakini hesabu kwa vidole kipande cha pili cha mshororo wa kwanza. Ta-ngu-ju-a-ku-to-ka.

Kitinda: Saba. Ya Rabbi.

Ami: Saba. Kidole kimoja kimebaki hakina kazi.

Shangazi: Si aseme "tangu jua kuchomoza"?

Ami: Mizani itatimia, na kina je? Mwisho yataka -ka.

Kaka wa Tuktuk: tangu jua kuwaka

Ami: Hiyo nayo saba. Hesabu kabla ya kutuma.

Mwalimu: Mwacheni mwenyewe atafute.

Kitinda: "Tangu jua kuibuka."

Ami: Nane. Na ukisimama Likoni alfajiri, jua kweli laibuka, latoka majini. Hilo ni bora kuliko "kutoka" hata kama mizani ingekuwa sawa.

Kitinda: Ahsante Ami. Wallahi nlilisoma mara mia sikuliona.

Shangazi: Nimemsikizisha Nyanya sauti ya Kitinda akilighani. Kanyamaza kidogo, kasema rudia, kisha kasema washa simu niseme nami. Hiyo hapo.

Nyanya: [sauti, dakika 2]

Kaka wa Tuktuk: Nko barabarani nna abiria siwezi kufungua sauti. Niandikieni tafadhali asemaje

Shangazi: Naandika kama alivyosema:

"Mwanangu Kitinda, Mungu akuweke. Shairi lako tamu. Lakini mwisho pana shimo. Nakusikia wapanda ngazi vizuri, wapanda, wapanda, halafu kidato kimoja hakipo, mguu wateguka. 'Moyo umeshavuka', hapo wakimbia mno. Sema 'moyo umekwisha vuka'. Pumzi itatosha. Mato yangu hayaoni tena, lakini sikio Mungu kaniwachia. Sisi zamani taarabu ikipigwa chini ndiani, wanawake twalikuwa juu, nyuma ya madirisha. Waimbaji hatuwaoni, udi hatuuoni. Twasikia tu. Hatukuwa na cha kutazama, tulikuwa na maneno. Asubuhi tukikutana kisimani kila mtu ana ubeti wake alioushika, twaunganisha mpaka wimbo watimia."

Ami: Mo-yo-u-me-sha-vu-ka. Saba. Nami nlipita hapo hapo nsione! Nlishughulika na jua.

Mwalimu: Hakuhesabu hata kidole kimoja. Kasikia.

Kitinda: Nalia jamani. Nipeni dakika.

Kitinda:

Nimesimama ferini, tangu jua kuibuka
Kikapu kiko kichwani, maembe yalainika
Najua kule sokoni, wateja wamiminika
Mwili u huku Likoni, moyo umekwisha vuka

Kitinda: Shangazi muulize Nyanya atakuja Ijumaa?

Shangazi: Ashasema naja. Alisema kabla hujauliza. Yataka kufikiriwa vipi.

Kaka wa Tuktuk: Nitamchukua mimi. Tuktuk yafika mpaka kwenye duka la kahawa, pale kichochoro chabana haingii. Hapo mpaka mlangoni ni kama hatua 60

Ami: Hatua 60 za mawe yenye utelezi, usiku. Nitaleta kile kiti chake cha mikono. Wewe ushike huku nami nishike huku, tumbebe amekaa.

Shangazi: Atakataa. Atasema yeye si bibi harusi.

Ami: Akikataa atatembea nami nimemshika, na kiti kitatangulia. Lakini akae kwenye kiti chake, si vile vya plastiki. Na awe karibu na fidla.

Khalti wa Likoni: Jamani mbona hamkuuliza, mtaa wa pili si kuna matanga? Itakuwa vibaya tukipiga udi na watu wana msiba

Kitinda: Tulikwenda jana na mwenye nyumba kuwapa pole na kuwauliza. Hitima yasomwa Alhamisi. Wamesema hawana neno, tumalize saa nne tu. Tutamaliza saa nne.

Khalti wa Likoni: Hapo sawa. Mimi Ijumaa nitavuka nije nilale kwa wifi, na Jumamosi msinikose. Mwanzele, hiyo ngoma ya kayamba, ndiyo nliyolelewa nayo. Mwajua kayamba lakini? Ni matete yamepangwa bapa kama mkeka mdogo, ndani mna mbegu, na mpigaji huzimwaga upande huu na upande huu. Moja pekee sauti yake kama mvua ikianza kwenye makuti. Zikiwa kumi na mbili mvua imefika. Si ngoma ya kutazama umekaa hiyo. Mbebe leso mbili, moja ya kufunga kiunoni.

Shangazi: Mahamri na mbaazi nafanya mimi. Kahawa tungu yatoka kwa jirani. Khalti njoo na halua usituletee ile ngumu.

Mwalimu: Shemeji, Jumamosi je?

Ami: Nafikiri.

Kitinda: Ami yule kijana nliyewaambia, wa habari za nduguye, ataghani wa kwanza Jumamosi. Kaeni mumsikilize yeye mmoja tu. Mkitaka kuondoka baadaye hakuna atakayeudhika.

Ami: Jina la ndugu hulitaja?

Kitinda: Hulitaja mwisho. Mara moja.

Ami: Nitakuja kumsikiliza huyo.

IJUMAA

Kaka wa Tuktuk: Nshamfikisha. Kakataa kubebwa. Katembea zote 60, kiti kimetangulia na Ami

Shangazi: Kaketi hapa kandoni mwa fidla, fimbo mapajani. Kamwita mpiga udi kamuuliza uzi wa besi mbona umelegea. Mzee kaugusa, kacheka, sasa hivi aukaza.

Mwalimu: Ua umejaa. Watoto wamekaa ngazini. Nimekuwekeeni mkeka Khalti, mko wapi?

Kitinda: Nazima simu. Niombeeni dua.

Khalti wa Likoni: Nshavuka! Leo nimesimama dakika tano tu. Nipo kichochoroni na halua, naisikia fidla lakini mlango siuoni. Nani atoke na tochi?