Tupeane uzoefu: wa mikopo ya simu wakikupigia unawajibuje bila kutetemeka?

Mama Genge (mleta mada)
Wakuu habari za jumapili. Naleta hii mada maana najua humu tuko wengi ila watu wanaona aibu. Mwezi wa tatu genge liliyumba, nyanya tenga zima zimeniozea, nikapakua app ya mikopo nikaomba elfu 80. Ikaingia elfu 54, eti zingine ni ada ya huduma, na ndani ya siku saba nirudishe elfu 80 kamili. Siku ya sita, hata saba haijafika, saa 12 na nusu asubuhi simu inaita, mkaka anaongea kama askari, "wewe mama unatujua sisi?" Nilikuwa nachambua mchicha, mikono ikaanza kutetemeka hadi mafungu yakachanganyika na matembele, nikasema "kaka samahani" kama mara ishirini. Saa nne shemeji yangu wa Morogoro kanipigia, katumiwa meseji, nainakili ilivyo: "MTAARIFU HUYU MTU AREJESHE PESA YA KAMPUNI NI TAPELI AMEKUWEKA WEWE MDHAMINI." Shemeji mwenyewe anatumia kitochi, hata app haijui. Deni nalitambua na nitalipa, nachouliza nyie mliopita hapa mliwajibuje?

Mkusanyaji Mstaafu
Dada yangu pole. Hizo meseji mimi nimezituma kwa vidole vyangu hivi, nilikaa miezi minane kitengo cha makusanyo kabla sijaacha. Pale unapewa orodha ya majina asubuhi, mshahara kiduchu, kinachokulisha ni kamisheni, kwa hiyo huna ugomvi na mtu yeyote, una ugomvi na target. Sasa anayelia na kuomba samahani tunamwekea alama, mchana anapigiwa tena, maana huyo yuko karibu kutoa. Anayezima simu ndo tunahamia kwa watu waliomo kwenye simu yake.

Aliyenitoa jasho ni mzee mmoja, sauti hapandishi, anauliza tu. Jina lako kamili nani? Kampuni yenu leseni ya Benki Kuu namba ngapi? Nilizopokea shilingi ngapi, riba shilingi ngapi, faini shilingi ngapi? Nitumie kwa maandishi. Na kila nikifungua mdomo ananiambia "subiri naandika". Nikimtisha, "subiri kijana, umesema utanifanya nini? Naandika." Nikampeleka kwa supavaiza, supavaiza kaongea naye dakika mbili karudisha kwangu! Mwisho alilipa kidogo kidogo kwa namba ya malipo ya kampuni, na mke wake hakupigiwa na mtu.

Halafu kingine, usilipe kwenye namba ya mtu binafsi hata akikuahidi punguzo. Niliona mwenzetu akila hela hivo, mteja anajua kamaliza kumbe kwenye mfumo deni liko vilevile na linazaa.

Msema Kweli
Mnafundishana kukwepa tu hapa. Wakati mnakula ilikuwa tamu, lipeni hela za watu.

Mama Genge
Nimeandika nitalipa mkuu, rudia kusoma.

Wakili wa Kijiweni
Msema Kweli hakuna anayebisha deni, ila kumtangaza mtu kwa shemeji yake hilo ni jingine kabisa. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania (BoT) ilitoa orodha ya app 69 zilizokuwa zinakopesha bila leseni, mama ingia tovuti yao uangalie hiyo ya kwako iko wapi kabla hujaongea nao tena. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ni ya 2022, imeanza kutumika Mei 2023, na ina tume yake inayopokea malalamiko. Kwa hiyo skrinishoti zote tunza, zionyeshe namba na saa, na mwambie shemeji asifute ya kwake, hata kama inamuuma kuisoma. Wakitishia kukudhuru au kusambaza picha zako, nenda polisi. Na kushindwa kulipa mkopo ni madai, sio jinai, anayekwambia difenda ya polisi inakuja kesho anakupima moyo tu (labda kama ulikopa kwa kitambulisho cha mtu, hapo siwezi kukutetea).

Mwalimu wa Kusini
Sisi walimu wanatushika kwenye kadi. Nilikopa laki 6 kwa jamaa wa mtaani, kadi ya benki na namba ya siri nikamwachia mwenyewe kwa hiari yangu, ujinga mtupu. Kila mshahara ukiingia yeye ndo wa kwanza kwenye ATM, ananiachia ya nauli. Nikaja kupiga hesabu kwenye daftari la maandalio ya somo nikaona nimeshalipa zaidi ya milioni na bado ananiambia "mwalimu tumebakiza kidogo". Nikaenda benki, nikaifunga ile kadi, nikapewa nyingine. Tarehe ya mshahara akaja nyumbani na vijana wawili wanataka tivii. Nikampigia mwenyekiti wa mtaa, kaja na kandambili zake, kakaa kwenye stuli, kauliza swali moja tu: "amri ya mahakama mnayo?" Hawana. Akawaambia basi kaeni tuhesabu. Tulihesabu hadi saa mbili usiku, ikaonekana mimi ndo nimezidisha. Zilizozidi sijarudishiwa mpaka leo, ila tivii ipo.

Wa Githurai
Huku Kenya ilikuwa ni CRB, CRB kila siku, ile ofisi inayoweka rekodi za wasiolipa madeni. Mimi walinisumbua juu ya shilingi 700, dem ananiambia jina langu litaharibika nisipate loan maisha yangu yote. Nikamwambia madam tangu Aprili 2020 deni la chini ya elfu moja haliendi CRB, akanyamaza, halafu akasema "sawa boss". Na sheria za Benki Kuu ya Kenya (CBK) za 2022 zimekataza kupigia ovyo watu wa kwenye simu yako. Wengine bado hupiga lakini, msidanganyike.

Laini Mpya
Mimi sijawahi kukopa hata mia. Nimenunua laini, kumbe mwenye namba wa zamani alikuwa anaitwa Mwajuma. Mwanaume mzima mwenye ndevu kila asubuhi naitwa "Mwajuma acha kubadilisha sauti".

Mkusanyaji Mstaafu
😂 Hiyo ya kubadilisha sauti ipo kabisa, tulikuwa tunafundishwa.

Mama Genge
Narudi kuleta mrejesho. Jana nimewapigia mwenyewe watu wote ambao ningeona aibu wakipigiwa, shemeji, mwenye fremu, hadi mchungaji, nimewaeleza nadaiwa kiasi gani na wapi. Mchungaji kasema na yeye anadaiwa. Leo saa moja asubuhi wamepiga, safari hii ni mdada, nikamuuliza jina, leseni, na mchanganuo wa elfu 54. Akasema "mama unapoteza muda wangu". Nikamwambia subiri naandika. Kakata. Kalamu yenyewe sikuwa nayo, nilikuwa nimeshika bamia.

Mchanganuo ukija nauweka hapa tuuhesabu wote.